Lugha ya Nyumbani Ilikwenda, ya Sala Ikabaki

Mjini Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna sinagogi lililojengwa mwaka 1762. Kwa nje ni jengo la kawaida tu, kama vile wajenzi hawakutaka macho ya watu. Si ajabu: Mfalme Edward I aliwafukuza Wayahudi wote mwaka 1290, na walirudi katika karne ya 17 tu. Waanzilishi wa Plymouth walitoka hasa Ujerumani na nchi za jirani. Nyumbani walisema Kiyidishi. Kiebrania kilikuwa cha sala. Wajukuu wakashika Kiingereza cha sokoni na bandarini, Kiyidishi kikatoka nyumbani. Kiebrania, ambacho hakuna mama aliyembembelezea mtoto pale, ndicho kilichobaki, hata baada ya mabomu ya 1941 kubomoa katikati ya mji.

Sisi wanafunzi wa lugha tunahesabu wasemaji, kisha tunatangaza: hii inakufa. Hesabu hiyo peke yake siikubali. Lugha inafanya kazi gani ambayo nyingine haiwezi? Kwenye fomu zetu za utafiti swali hilo halimo. Naomba liwekwe kabla hatujaandika tena kwamba lugha ya kijiji fulani imekwisha.