Muulizeni Waziwazi

Lipo swali ambalo wengi wetu hatuthubutu kulitamka: “Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?” Twadhani kuuliza ni kumfunza mtoto jambo asilolijua. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kinyume chake: swali hilo halimtii kijana fikra ya kujiua, bali humpa nafasi ya kuutua mzigo.

Kijana aliyejitenga ghafla, anayegawa vitu vyake avipendavyo, anayesema nyumba ingepata nafuu asingekuwapo, au anayeficha majeraha mikononi, asiambiwe kwamba anadeka. Akae faraghani na mtu mzima anayemwamini (mama mdogo au bibi mara nyingi hufaulu pale baba anaposhindwa), aulizwe kwa upole: Mawazo haya yalianza lini? Umewahi kujaribu? Umepanga utakavyofanya? Aliyekwisha kupanga, na njia ikawa karibu naye, yu katika hatari kubwa. Asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asiye na mpango naye asipuuzwe. Aulizwe tena kesho na keshokutwa.

Hapa Kaliua neno hilo “karibu” lina uzito wake. Sisi ni wakulima wa tumbaku, na dawa za kuulia wadudu wa shambani hukutwa uvunguni mwa vitanda. Azma ya kijana mara nyingi huzuka kwa ghadhabu ya muda mfupi, na ghadhabu hupita. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa kali zaidi za mashambani, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua mno. Basi dawa zifungiwe kwa kufuli, ufunguo akae nao mzazi.

Wapo wanaomficha mgonjwa kwa kuogopa sheria, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo nchini mwao kinapingana na Katiba. Kwa rai yangu, nasi twapaswa kulitazama upya jambo hili. Wengine huanza kwa kumtishia mtoto Moto. Aya ya 29 ya Suratun-Nisaa, inayokataza mtu kujiua, inakhitimishwa kwa kutaja rehema ya Mwenyezi Mungu. Kwa nini sisi tuishie kwenye katazo?

Kijana akirudi kutoka hospitali, asikabidhiwe vidonge vyote. Mzazi avitunze, ampe kipimo cha siku, na amsindikize mwenyewe siku ya kurudi kliniki.