Vitabu vitatu na deni moja



Ndugu msomaji, neno la kwanza la wahyi aliloteremshiwa Mtume wetu (s.a.w.) lilikuwa amri ya kusoma, nalo liliteremka katika mwezi wa Ramadhani. Kwa kuzingatia hilo, Ramadhani iliyopita niliazimia kwamba, pamoja na juzuu moja kila siku na tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, nyumba yangu isome kitabu kimoja katika kila kumi: kwanza utenzi, kisha sira, mwisho riwaya. Baadhi ya ndugu msikitini waliniuliza riwaya ina kazi gani katika mwezi wa ibada. Leo nawajibu.

Kila usiku baada ya Tarawehe, mvua ya Njombe ikinyesha juu ya bati, tulikaa kuzunguka jiko la mkaa: mimi, mke wangu na binti yetu mwenye umri wa miaka 11. Dada anayetusaidia kazi alikuwa jikoni akiosha vyombo vya futari.

Katika kumi la kwanza tulisoma Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Bibi huyo alikuwa mgonjwa, akaona amwachie bintiye, Mwana Hashima, wasia wa kumwongoza. Mke wangu alisoma, akifafanua Kiamu kilipotutatiza. Tulipofika pale mama anapomuusia bintiye asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi, binti yetu aliuliza, "Baba, ndiyo maana dada hakai nasi?" Nikamjibu kwamba utumwa ulikwisha zamani, kisha nikamwomba mama yake aendelee. Nilisema kweli, lakini sikulijibu swali lake.

Kumi la pili lina kumbukumbu ya Badri, tarehe 17 Ramadhani, mwaka wa 2 Hijria. Nikafungua kitabu cha sira nilichobaki nacho tangu chuoni. Wanasira wanasimulia kwamba baadhi ya mateka wasiokuwa na mali ya kujikomboa, lakini wanaojua kuandika, walitakiwa wafundishe watoto wa Madina, na hiyo ikawa fidia yao. Kisa hicho nilikisimulia hata msikitini, nikihimiza wazazi walete watoto madrasa.

Katika kumi la tatu tukafungua Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2021. Ida Hadjivayanis ndiye aliyeifasiri kwa Kiswahili. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri anayemwita ami. Hajui kwamba yeye ni rehani ya deni la baba yake, mpaka Khalil, kijana mwenzake dukani, amweleze.

Nilipofika hapo, sauti ya maji jikoni ilikuwa imekoma. Dada alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Akauliza, "Lilikuwa deni la kiasi gani?"

Ndugu msomaji, baba wa binti huyo ni mkulima wa viazi karibu na Makambako. Misimu miwili kabla ya hapo nilimkopesha fedha za mbolea, mavuno yakaharibika, tukakubaliana kwamba bintiye, mwenye miaka 16, aje kwetu na ujira wake ulipunguze deni. Sisi wazee wawili tuliliita jambo hilo kusaidiana. Yeye hakuulizwa. Daftari la wanafunzi wa madrasa naliandika mimi kwa mkono wangu, na jina lake halikuwamo.

Katika siku ya tatu ya mwezi nilikuwa nimekwisha kuipita aya ya 280 ya Surat al-Baqara, inayoamrisha mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda, na kubainisha kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Niliisoma kwa tajwidi, nikageuza ukurasa.

Siku ya 27 nilipanda basi dogo hadi Makambako pamoja na binti huyo. Nilimwambia baba yake kwamba deni limesamehewa, na kwamba niliyokosea kumwuliza binti nimekuja kumwuliza mbele yake. Akasema anataka kurudi kusoma. Leo yuko kwao, anahudhuria darasa la waliokatisha masomo. Nyumbani kwangu vyombo vya futari vinaoshwa na sisi watatu, na mimi ndiye mzito kuliko wote.

Basi ndugu zangu mlioniuliza, riwaya haikunifundisha hukumu mpya. Hukumu nilikuwa nayo. Ilinifanya nigeuze shingo nione aliyesimama mlangoni kwangu. Katika Ramadhani ijayo, Inshaallah, someni mnavyoweza, lakini kwanza hakikisheni kila aliye chini ya paa lenu amepata nafasi ya kukaa.

Allah atusamehe tuliyoyasoma tusiyatende. Amin.