Meno ya bandia: juu ya nini wagonjwa wawili hawalipi bei moja?

Mama mukubwa wangu alikuwa na meno ya bandia yenye alivaa ku misa tu. Nyumbani aliyafunga mu kitambaa na kuyaweka mu kabati. Sisi watoto tulichanga dola 120. Meno yalitoka mazuri, meupe, lakini ya chini yaliruka kila mara alipofungua kinywa. Fundi aliangalia kinywa kwa dakika moja, akachukua vipimo, akaomba avansi. Hakumuuliza hata meno yake yalitoka mwaka gani.

Nakumbuka ile habari kila mara wasikilizaji wanapotuletea lalamiko moja: wazee wawili wa kartie moja, wote bila jino hata moja, wanaenda kwa dantiste mumoja. Wa kwanza anapewa bei na randevu. Wa pili anaambiwa afanye kwanza radio ya taya, apime sukari, na pengine anatumwa ku hospitali kubwa. Familia inawaza: wanatafuta kutukula makuta. Inaweza kuwa vile. Lakini mara mingi huyu wa pili njo amepata muganga mwenye kujua kazi yake.

Tangu 1999, American College of Prosthodontists, chama cha wataalamu wa meno ya bandia kule Marekani, kiliweka wagonjwa wasio na meno mu klasi nne. Klasi 1 ni kazi nyepesi, klasi 4 ni kazi nzito sana. Kipimo cha kwanza ni kimo cha mufupa wa taya ya chini ku radio, pale penye ni pafupi zaidi: milimetre 21 ao zaidi, klasi 1, 16 mpaka 20, klasi 2, 11 mpaka 15, klasi 3, 10 ao chini, klasi 4. Kisha wanaangalia umbo la taya ya juu, namna taya mbili zinakutana, fasi misuli imeshikamana, ulimi, na magonjwa mengine ya mwili. Alama zikipingana, mugonjwa anawekwa mu klasi ya uzito zaidi. Mufupa unaweza kuwa muzuri, lakini misuli ikishikamana vibaya, misuli njo inaamua.

Juu ya nini mufupa? Jino likitoka, mufupa wenye kulibeba unaanza kupunguka, zaidi mu mwaka wa kwanza, na taya ya chini inapoteza mingi kuliko ya juu. Mutu mwenye aling'olewa meno miaka 20 iliyopita hana taya sawa na mwenye aling'olewa mwaka jana, hata kama kwa macho yetu wote ni vibogoyo. Mama mukubwa alikuwa amekaa bila meno ya chini tangu sisi tuko mu primere. Ile meno ya dola 120 haikuwa na fasi ya kukaa.

Ni kweli, mupango huu ulitungwa fasi yenye umeme haukatiki na mashini ya radio iko karibu. Lakini sehemu kubwa yake haiombi mashini. Kuuliza meno yalitoka lini, kama mugonjwa ana sukari, kama alishavaa meno mengine na yakashindwa. Kupitisha kidole juu ya ufizi. Kumwambia ainue ulimi. Ni dakika kumi. Mwenye kuchukua avansi bila kufanya hata ile, mimi namwita muchuuzi.

Shida yetu kubwa iko mbele zaidi: ukishajua kama mutu ni klasi 4, unamutuma wapi? Kumwambia mukaaji wa kijiji aende Bukavu ao Goma wakati barabara haipitiki juu ya vita, ni sawa na kumurudisha nyumbani. Hapo muganga anabakia na kazi moja yenye haiombi vyombo, kusema ukweli mbele ya makuta kutoka: meno haya yatakusaidia kusema na kucheka, lakini nyama ngumu hautaitafuna. Familia ikisikia vile, inaweza kukubali, ao kuongojea, ao kununua kinu kizuri.

Mama mukubwa hakupewa nafasi ya kuchagua. Aliendelea kutwanga karanga na nyama mpaka mwisho, na meno yake yalikuwa mu kabati.