Winda kanga bila bunduki

Hebu nikuulize, wewe mtu wa Nakuru: mara ya mwisho kumwona kanga ilikuwa lini? Sisemi leso ya mama. Nasema ndege mwenyewe, yule mweusi wa madoadoa meupe, kichwa cha buluu na pembe ndogo juu kama kofia. Wengi wetu tunamjua kwa picha tu, na anaishi kwenye vichaka hapa hapa Rift Valley.

Kule Marekani, kabla msimu wa kuwinda bata mzinga mwitu haujafunguliwa, wawindaji huamka alfajiri na kuingia msituni bila bunduki. Wanasikiliza dume linalialia wapi, wanatafuta mti wa kulala, nyayo na manyoya. Kupiga risasi ni sekunde moja. Utamu wote uko kwenye huo upelelezi.

Sisi Kenya tulipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mimi naunga mkono, sitaki urudi. Shida yangu ni kwamba tulipoweka bunduki chini, wengi wetu tuliweka na macho na masikio pia. Waogiek wa Mau walijua msitu kwa sauti tu. Sisi vijana wa mjini tukisikia ndege asubuhi tunavuta blanketi.

Sasa sikia. Wakati mzuri wa kupeleleza kanga ni kabla ya mvua ya Machi. Nyasi ni fupi, na kanga bado wanatembea kwa makundi. Mvua ikishika, kundi linavunjika, wanaachana wawili wawili na kutaga chini kwenye nyasi. Hapo kuwaona ni kazi.

Fika mapema, kama saa kumi na mbili hivi. Kanga hulala juu ya miti, kwa hiyo angalia migunga iliyo karibu na maji na usikilize kelele zao wakishuka. Kwenye vumbi tafuta mashimo madogo wanapooga mchanga, na nyoya la madoadoa. Ukiona ndege wa shingo ya manjano amepanda kichuguu anapiga kelele za kukwaruza, huyo ni kwale.

Menengai ni karibu, lakini usiende peke yako. Kama una nauli ya Naivasha, Hell's Gate wanakuruhusu kutembea kwa miguu au baiskeli. Ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru, kaa kwenye gari, maana nyati hana mzaha.

Najua utasema hii ni starehe ya wazungu wenye darubini za bei. Wapi! Kanga ni mkubwa kama kuku na ana kelele kuliko tauti wa matatu. Macho yako yanatosha.

Na kuna sababu nzito kuliko starehe. Kuna watu wanaopeleleza kanga kila wiki, na hao hubeba waya wa mtego. Wanajua mti, wanajua njia, wanajua kiota. Kama wao peke yao ndio wanajua, nani atagundua kundi likipungua? Huwezi kulilia kitu ambacho hukujua kilikuwepo. Kwa hiyo ukiletewa nyama au mayai ya kanga wa porini mtaani, kataa. Hata kufuga kanga kunahitaji kibali cha KWS. Na ukipata mti wanapolala, tafadhali usiutupe mtandaoni na ramani yake, ukawafanyia wenye waya kazi. Hesabu ndege, andika tarehe, kisha peleka rekodi kwa Kenya Bird Map. Wanapokea za watu wa kawaida kama wewe.

Mimi niliacha chuo, najua uchungu wa kuulizwa cheti kila mlango. Kazi ya kutembeza wageni wanaopenda ndege nayo ina karatasi zake, sikudanganyi. Lakini karatasi haitakusaidia kama mgeni anauliza "ile sauti ni ya nani?" na wewe unakodoa macho. Masikio yanafunzwa bure, na alfajiri iko kila siku.

Jumamosi hii usilale mpaka saa nne. Chukua rafiki wawili, maji na daftari. Nendeni mkawinde, mrudi mikono mitupu.