Chai na Wakati Wake



Mwezi uliopita nilimzuru jirani yangu hapa Pumwani, mjamzito wa miezi sita, aliyeambiwa kliniki kwamba damu yake imepungua. Alinikaribisha kwa mahamri, mbaazi za nazi na birika la chai ya maziwa. Tulipokuwa tukila, akatoa kidonge chake cha kuongeza damu, akainua kikombe ili akimeze kwa chai. Nikamzuia. "Shoga yangu, hicho mezea maji." Akacheka: "Kwani chai nayo ina ubaya gani?"

Chai haina ubaya. Ina wakati wake. Ile isiyo na maziwa, ambayo vijana wa Eastlands huiita strungi, wazee wetu wa pwani huiita chai ya mkandaa. Mkandaa ni mti wa mikokoni ambao gamba lake hutoa rangi nyekundu na tangu zamani limetumika kutengenezea ngozi. Jina hilo limesibu. Gamba la mkandaa lina tanini, na majani ya chai nayo yana vitu vya jamii hiyo hiyo, ndivyo viletavyo ukakasi ulimini. Vikikutana tumboni na madini ya chuma ya mbaazi, kunde, ndengu au mchicha, hushikamana nayo, mwili ukashindwa kuyafyonza ipasavyo. Kidonge cha chuma nacho hupatwa na hayo hayo, na kutia maziwa hakuondoi taabu hiyo.

Basi tuzitazame chai zetu. Chai nyeusi, ya kijani na ile ya zambarau, ambayo watafiti wa Kericho waliwatolea wakulima mwaka 2011, zote ni za mmea mmoja. Nyeusi ni kali na yenye rangi nzito. Majani yake yasichemshwe mno, kwani kadiri yanavyochemka ndivyo ukakasi unavyozidi. Tangulizeni maji na viungo: tangawizi iliyotwangwa, iliki, mdalasini. Harufu ikishapanda, ndipo mtie majani, kisha maziwa, na dakika chache zatosha. Majirani zetu Wasomali wa Eastleigh huongeza karafuu na sukari kwa wingi katika shaah yao. Utamu wake haukanushiki, lakini sukari hiyo na ipunguzwe. Chai ya kijani haitaki maji yanayotokota: yaacheni yatulie kidogo, majani yakae dakika 2 au 3, la sivyo itakuwa chungu.

Mchaichai na tangawizi tupu si majani ya chai, wala hayana kafeini. Mchaichai una harufu ya ndimu na hausumbui usingizi wa usiku. Tangawizi, kwa kiasi, humtuliza mjamzito kichefuchefu.

Nawausia mambo manne. Mlo wa nafaka, kunde na mboga uandamane na maji, na kando yake ndimu, chungwa au kachumbari ya nyanya, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai ingoje muda wa saa moja au mbili baada ya kula. Vidonge vya damu visimezwe kamwe kwa chai. Na mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asipewe chai, hata ile nyepesi ya kuchovyea mkate. Tumbo lake ni dogo, na chai hulijaza pasipo kumlisha.

Jana jirani yangu alinialika tena. Mbaazi zilikuwapo, mahamri yalikuwapo, na jagi la maji ya ndimu. Birika halikuonekana. Nilipokuwa nikitafuta viatu vyangu niondoke, akaniambia, "Keti, dada. Tuswali Dhuhuri kwanza, kisha tunywe chai." Tukaswali, tukanywa, na iliki yake ilinukia hadi barazani.

Wabillahi tawfiq.