Ufunguo wa taarifa za mkulima uko mikononi mwa nani?

Na Mwandishi Wetu

Mkulima wa korosho wa Narung'ombe, wilayani Ruangwa, anapopeleka mzigo wake katika chama cha msingi huacha pia jina, namba ya simu, akaunti ya benki na uzito wa korosho zake. Kadiri minada na malipo yanavyohamia katika mifumo ya kielektroniki, taarifa za aina hiyo huweza kuhifadhiwa katika kompyuta zilizo mbali na kijiji, utaratibu unaoitwa hifadhi ya wingu.

Ulinzi mkubwa wa taarifa hizo ni usimbaji fiche. Programu hugeuza maandishi yanayosomeka kuwa mfuatano wa alama zisizo na maana kwa asiye na ufunguo, ambao ni namba ndefu ya siri. Katika kiwango cha AES, kilichoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2001, idadi ya funguo zinazowezekana za biti 256 huandikwa kwa tarakimu 78. Mwizi atakayeiba diski nzima bila ufunguo ataambulia makapi.

Hata hivyo, usimbaji hautofautishi mwizi na mwenye mali. Hutambua ufunguo tu. Karani anayempa mwenzake nywila, au kuibandika ukutani, huuacha wazi mlango ambao hesabu zote hizo haziwezi kuufunga. Vilevile, ufunguo ukiwekwa pamoja na taarifa unazozilinda, aliyekipata kimoja amepata vyote. Nao ukipotea bila nakala, hata mwenye taarifa hawezi kuzisoma.

Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtwika mkusanyaji wajibu wa kulinda taarifa anazokusanya, na kuweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024, husajili wakusanyaji na kupokea malalamiko ya wananchi.

Kabla ya kutia saini mkataba wa mfumo wowote, viongozi wa ushirika hawana budi kuuliza: taarifa zimesimbwa? Nani anashika ufunguo? Nani anaweza kuutumia, na matumizi yake yanaandikwa wapi? Stakabadhi ya ghala humhakikishia mkulima kuwa korosho ni zake ingawa ghala si lake. Taarifa zake zinastahili uhakika huo huo.