Droni za Mlimani Zianzie Mezani kwa Fundi

Kila droni zinapotajwa nchini Tanzania, mazungumzo huishia kwenye kununua na kuomba kibali. Mwaka 2018 ulitangazwa mradi wa majaribio ambamo droni ya Wingcopter, kutoka Ujerumani, ilipeleka dawa kisiwani Ukerewe kutoka Mwanza, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Ni jambo la kujivunia, lakini halikutuachia mafundi wa kutosha. Kwa maeneo ya mlimani kama Mwika, mkoani Kilimanjaro, ujuzi wa kwanza kufundishwa uwe kuunga nyaya na kupanga mipangilio ya flaiti kontrola, ile bodi ndogo inayosoma mwinamo, mwendo na mgandamizo wa hewa, kisha kuamuru kila mota izunguke kwa kasi gani.

Sababu iko kwenye ardhi yenyewe. Mwika imekaa juu ya migongo iliyotenganishwa na makorongo, na vihamba vyake, yaani mashamba yanayozunguka makazi, vimejaa kahawa, migomba na migrivea mirefu. Programu huria ya ArduPilot, ambayo huendesha bodi za aina hiyo, mawasiliano yakikatika, inaweza kuirudisha droni nyumbani yenyewe. Kimo cha kurudi kilichowekwa tangu mwanzo ni mita 15, zinazohesabiwa kuanzia pale iliporukia. Uwanda wa wazi hauna shida na kimo hicho. Lakini droni iliyorukia bondeni, ikavuka mgongo na kushuka korongo la pili, itarudi kwa mita hizo hizo 15 na kuubamiza mgongo. Anayejua kuipanga bodi hurekebisha namba hiyo kabla ya kuruka.

Watasema zipo droni za dukani zinazojipanga zenyewe. Ni kweli, na kwa picha za harusi zinatosha. Lakini hata hizo zina kimo cha kurudi ambacho mrushaji anapaswa kukichagua, na zikiharibika Moshi nzima inatafuta fundi. Wengine watahofia usalama, kwamba vijana wakijiundia droni watarusha ovyo. Hofu hiyo ina msingi, ila ujinga ndio hatari zaidi. Betri ya seli nne ikijaa ina volti 16.8, risiva ya volti 5 ikiungwa nayo moja kwa moja inaungua. Bodi ikifungwa mshale wake ukielekea pembeni, na programu isiambiwe, droni hupinduka ikijaribu kunyanyuka. Kijana aliyefundishwa huvua mapanga ya droni kabla ya kujaribu mota, tena anajua kwamba kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga hakikwepeki.

Gharama nayo isiwe kisingizio, maana programu ni bure na bodi moja hufundishia wengi. Vyuo vya ufundi vya VETA viingize somo hili kwenye kozi za umeme na elektroniki, na Mamlaka, kabla ya kutoa kibali, imuulize mrushaji swali moja: mawasiliano yakikatika, droni yako itarudi kwa kimo gani? Asiyeweza kujibu asirushe.